Beseni la Tatu

Beseni la kwanza ni mchanga wa Igombe.
Nimeuchekecha mara mbili alfajiri,
nikatoa ndoana moja yenye kutu
na kipande cha chupa, sijui ya nani.
Beseni la pili ni maji.
La tatu halina jina la kudumu:
juzi pamba na mbegu zake,
jana pumba za mpunga,
leo matope.

Sayi analipima ziwa kwa kikombe cha uji.
Saba, nane, tisa, anasema,
kisha, "Mwalimu, tisa imerudi,"
maana kikombe kina ufa
na hesabu inavuja pamoja na maji.
Simsahihishi. Nataka kuona
ataziba kwa nini.
(Kwa kidole. Kisha kwa tope. Kisha kwa kidole cha Limi.)

Limi mwenyewe amegombana na mchanga mkavu.
Anaujenga, unakaa chini.
Anaujenga, unakaa chini.
Anautemea mate, unasimama.
Ananitazama kama mtu aliyeokota hela barabarani
na hajui kama aseme.

Na Lushinge, mikono kwapani.
Wiki ya tatu hii, mikono kwapani,
kama mwenye yai bichi kila upande.
Nilimletea maharage, akayaangalia.
Nilimletea michembe, akainusa kwa mbali.
Ile pamba aliipuliza, ikaruka,
akacheka kwa pua,
lakini mikono haikutoka.

Saa nne mama yake akasimama mlangoni,
ndoo ya dagaa kichwani, haitikisiki.
"Mwalimu, mtoto nimemleta asome.
Sare nimeshonesha kwa deni.
Mbona kila siku anarudi
kama mtu aliyeshinda akifyatua tofali?
Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji,
hawakusema uje nao nyumbani kwenye soksi."

"Yale matope si yake," nikamwambia. "Ni ya Sayi.
Huwa yanamrukia."

Akatua ndoo.
"Na ya kwake yako wapi?"

Nilitafuta jibu la chuoni, lile refu,
la ukuaji wa misuli midogo na milango ya fahamu.
Halikuja.
Nikavua kanga yangu ya kiunoni,
nikaifunga kutoka bawaba hadi msumari,
nikamwomba apitishe mkono chini yake,
asiseme neno.

Watoto wakaja mmoja mmoja kuupapasa.
Sayi: "Jiwe."
Limi: "Jiwe lenye joto."
Kulwa akaunusa: "Samaki. Mkubwa."
Nyuma ya kanga mtu akajizuia kucheka,
mkono ukatetemeka kidogo, ukatulia.

Sikumwita Lushinge. Naapa sikumwita.
Alisogea kwa ubavu, kama kaa,
akachomoa mkono mmoja,
ule wa kushoto,
akautazama kwanza, kama wa kuazima.
Kisha akagusa.
Kidole gumba, pale kisu cha sangara kilipopita.
Kiganja, na njia zake za kamba.
Ukucha, na gamba moja lililojificha chini yake,
dogo kuliko punje ya mtama.
Alilibandua taratibu. Akalibandika
kwenye paji la uso wake.

"Mama hajanawa," akasema.

Darasa zima likaanguka kwa kicheko.
Mimi nilijishughulisha na fundo la kanga,
nikachelewa nalo makusudi.

Mama alipotokeza, macho yake hayakuwa kwenye sare.
Alichuchumaa kwenye beseni la tatu,
akakunja mikono ya blauzi,
akalipiga tope lile kama anayepiga chapati, mara mbili, tatu,
na mwanawe akasimama karibu,
mkono mmoja nje, mmoja kwapani bado.

Nje, korongo watatu
walikuwa wameshaipata ndoo.
Akawaona. Akasonya. Hakuinuka.

"Kesho," akasema, bila kugeuka,
"nitamvalisha shati la zamani."